Naomba ushauri: nili yangu inatoka ya kijivu badala ya buluu

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kisumu, natia rangi vitambaa vya pamba, na mwaka huu nimepanda minili, mimea ambayo majani yake hutoa nili, yaani rangi ya buluu, nyuma ya nyumba ili niachane na rangi za dukani.

Nimejaribu mara mbili. Kwanza niliroweka kilo 3 za majani kwenye lita 20 za maji usiku mmoja tu, nikapata rangi kidogo mno. Mara ya pili nikayaacha siku 3. Maji yakawa ya kijani-manjano, juu yake utando wa zambarau uking'aa kama shaba, na harufu, jamani, ni ya zizi. Nikatoa majani, nikatia chokaa vijiko 5 vya mezani, nikamimina kutoka ndoo hadi ndoo kwa nusu saa. Povu lilianza jeupe likageuka buluu iliyokolea, moyo ukafurahi. Asubuhi nikamwaga maji ya juu, nikachuja mashapo kwa leso. Yalipokauka, yakawa kama majivu ya jikoni.

Najua majani yakikaa mno rangi huharibika, na chokaa ikizidi huipausha nili. Kosa langu ni lipi kati ya hayo, ndipo nilipokwama.

Wenye uzoefu, mnatambuaje saa hasa ya kutoa majani kwa joto hili la ziwani? Na kwa lita 20 mnatia chokaa kiasi gani? Wiki ijayo navuna tena, na majani yaliyobaki si mengi.