Kuhama Limuru kuja Malindi na familia: wenyeji niambieni ukweli

BaridiImenishinda

Wadau salaam. Niko Limuru, miaka 41, mke mmoja watoto wawili, mkubwa yuko gredi ya nne mdogo hajaanza shule. Kazi yangu ni kuwaandikia watu wa biashara ndogo ndogo vitabu vyao vya hesabu, naifanyia nyumbani kwa laptopu, kwa hivyo mradi kuna stima na intaneti mimi niko sawa popote. Shida ni hii baridi. Watu wakisikia Limuru wanafikiria majani chai na hewa safi, lakini njooni mwezi wa saba, ukungu mpaka saa tano asubuhi, nguo inaanikwa siku tatu bado majimaji, na huyu mdogo kifua kinambana tunakesha naye usiku kucha.

Desemba tulishuka Malindi siku tisa. Jamani! Mtoto hakukohoa hata mara moja. Samaki tulikula mpaka tukasahau nyama, embe tunanunua kwa ndoo, na tangu turudi kila jioni mke ananiuliza tunangoja nini. Nikaanza kupiga hesabu. Nimeonyeshwa nyumba ya vyumba viwili elfu ishirini, ua una minazi miwili, alafu kuna jamaa nilikutana naye pale ufuoni akanionyesha plotu ya robo eka laki sita, ati mwenyewe ana shida ya pesa anataka kuuza haraka.

Shemeji yangu naye anasema nitarudi kabla mwaka haujaisha, ati ni joto, maji ya chumvi na watu wanalala mchana kutwa. Sasa nataka kusikia kwa mtu anayeishi huko, si mtu wa likizo kama mimi. Joto mnaishije nalo? Shule je? Na hiyo plotu nichukue ama nipange kwanza?

MamaMahamri

Karibu sana baba watoto. Nianze na shemeji yako. Mimi saa tisa na nusu ya usiku nishaamka nakanda unga wa mahamri, saa kumi na mbili mbaazi ziko jikoni zimeiva na wateja washajipanga mlangoni, saa sita nafunga, manake jua la hapo si la kusimama nalo, na saa kumi natoka tena na viazi karai mpaka usiku. Yeye akipita saa nane akakuta milango imefungwa ndio atasema tumelala! Huku kazi ni ya asubuhi na jioni, mchana ni wa kivuli. Ukija na ratiba ya Limuru wiki ya kwanza tu utaanguka kichwa kinauma.

Joto lenyewe, mwezi wa pili na wa tatu ndio penyewe. Upepo wa kaskazi umelegea, wa kusi haujaingia, hata jani la mnazi halitikisiki, unaoga unajifuta unalowa tena hapo hapo na taulo mkononi. Mwezi wa saba na wa nane raha mustarehe, alfajiri wengine tunatafuta sweta (usicheke). Kwa hivyo ukionyeshwa nyumba usiangalie vigae, angalia madirisha yanaelekea wapi na upepo unaingilia wapi. Nyumba iliyobanwa na ghorofa ya jirani utaishi na feni usiku na mchana na tokeni za stima zitakumaliza. Na bati tupu bila dari usiingie hata ukipewa bure.

Mtoto awe na neti, kila siku, hata kama mbu hamuwaoni. Nyinyi mliokulia baridini malaria hamjaizoea. Homa ikimshika usiseme tungoje asubuhi, mpeleke akapimwe damu.

Shule zipo za kila bei, usilipe karo kabla hujakwenda kukaa darasani ukaona feni inafanya kazi. Sifanyi mzaha.

NilitokaNyeri

Mimi nilihama 2018 na bado niko, kwa hivyo shemeji yako si nabii, lakini sikiliza yaliyonipata. Nilipanga nyumba mbele kabisa, nikifungua dirisha naona mawimbi, nikapiga picha nikawatumia watu wa kwetu wote. Chumvi bwana. Ile hewa tamu unayoivuta inakula kila kitu cha chuma. Bawaba za mlango zililia miezi mitano alafu mlango ukaanguka. Friji ikaota kutu kwa chini. Laptopu yangu ilikaa mwaka na miezi minne, fundi alipoifungua akanionyesha ndani kuna unga wa kijani kama ule wa kwenye shaba kuukuu, na skrubu mbili zikamkatikia kwenye bisibisi. Hapo nimepoteza kazi ya wateja wa miezi mitatu manake sikuwa nimeihifadhi mahali pengine. Wewe unayeishi kwa laptopu kaa ndani kidogo, mimi sasa niko kama kilomita tatu kutoka ufuoni, bahari naifuata kwa tuktuk, na laptopu inalala kwenye begi pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Maji. Kabla ya sofa nunua tangi. Mtaani kwetu bomba linatoka siku mbili ama tatu kwa wiki, zikibadilika hakuna wa kukuambia, na ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu na chai unaisikia mdomoni. Tunaoga ya kisima, tunapikia ya bomba, ikiisha tunanunua mitungi ya mkokoteni. Ukizoea huoni tabu, lakini wiki ya kwanza mke wangu alilia.

Alafu hicho kifua cha mtoto. Siku tisa za Desemba usizifanye cheti cha daktari. Masika ikiingia, mwezi wa nne mwishoni mpaka wa sita hivi, nyuma ya kabati ukuta unakuwa mweusi kwa ukungu, viatu vya ngozi vinaota nywele, kiberiti hakiwaki, kwenye chumvi lazima utie punje za mchele. Wa kwangu alikohoa mwezi huo kuliko alivyowahi kukohoa Nyeri. Baadaye akatulia, na sasa yuko sawa, lakini mtu asikuahidi kwamba Pwani ni dawa. Ongea na daktari wake kwanza, mwambie unampeleka penye unyevu.

Kolekole

Desemba kila mtu ni wa Malindi. Mwezi wa tano hoteli nyingi zimefunga, vijana wamepewa likizo bila mshahara, kusi inapiga hata mashua ndogo hazitoki, samaki bei juu, tunabaki sisi na paka. Huo ndio mji, ule mwingine ulikuwa sherehe.

DepostiYangu

HIYO PLOTU USIIGUSE. Samahani kwa kelele.

Kuna kitu watu wa bara hamkijui. Huku mtu anaweza kuwa na nyumba ya mawe, amezaliwa hapo, babu yake amezikwa hapo, na ardhi si yake. Ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakaukodi 1895, alafu 1908 wakaleta sheria ya kusajili mashamba. Aliyekwenda kudai akaandikiwa hati, na ambaye habari hazikumfikia shamba lake likahesabiwa ni la serikali, na wengi wao walikuwa Wamijikenda waliokuwa wakilima tu. Ndio mpaka leo unakuta kijiji kizima kimekaa juu ya hati ya mtu ambaye hajawahi kuonekana. Watu wanauziana nyumba bila ardhi, na kwa wenyeji hilo linaeleweka, kila mtu anajua ananunua kuta tu na anamlipa nani kodi ya ardhi. Balaa ni pale mgeni anauziwa hivyo hivyo akidhani amenunua na chini yake.

Mimi 2016 nilitoa deposti elfu themanini. Niliandikiwa karatasi, ina muhuri, ina mashahidi wanne, sahihi nzuri kabisa. Asubuhi ya kuanza msingi nimefika na fundi wangu nakuta kuna fundi mwingine anachimba, tukaanza kugombana, na kabla hatujamaliza likaingia lori la mchanga la mnunuzi wa tatu. Sote watatu tuna karatasi zile zile na mashahidi wale wale! Aliyeuza simu yake haikupatikana tena. Yule wa mchanga alishindwa kulipia lori mara ya pili kuuondoa, uko pale mpaka leo, watoto wanauchezea.

Ukitaka kununua, chukua namba ya plotu, nenda mwenyewe afisi ya ardhi ufanye sachi, yaani wakuangalizie hati ni ya nani, usitumiwe picha ya sachi kwenye simu. Tafuta sorveya wako, si wake, akuonyeshe bikoni, yale mawe ya mpaka. Alafu zunguka uwaulize wanaokaa pale, hata yule mama anayechuma mchicha pembeni, hapo ni pa nani? Na ukisikia mwenyewe anataka pesa haraka wewe ndio uende pole pole.

BaridiImenishinda

Eh. Hiyo ya lori imenitoa jasho na bado niko Limuru. Nimempigia yule jamaa nikamuomba namba ya plotu nifanye sachi, akasema ataniita, ni siku ya pili sasa.

NilitokaNyeri asante, mke amesoma hiyo ya viatu kuota nywele akanyamaza kidogo, alafu akauliza, je Lamu? Ameona picha.

WaLangoni

Lamu mwakaribishwa, lakini muulize kama amewahi kuhamisha kabati kwa jahazi. Utafika na lori mpaka Mokowe, hapo unashusha kila kitu, unapakia chomboni, unavuka, unashusha tena gatini, alafu ni hamali na punda mpaka mlangoni, manake vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja arudi nyuma. Kila kitu cha dukani kimepita ndia hiyo hiyo kwa hivyo bei yake imelipa nauli. Nyumba zetu za zamani kuta zake za matumbawe ni nene, mchana ndani ni baridi bila feni, hilo Malindi hawana wasibishane nami. Lakini ndio mji ulioko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuamka tu ukabomoa ukuta utie dirisha la alumini.

Mtoto mwenye kifua nisingemleta kuishi kisiwani kabla sijajua usiku wa manane nitampata nani wa boti. Njooni Maulidi mtembee, mkae Malindi.

MamaMahamri

Wa Langoni umesema kweli, ila hilo la kuta nitakujibu siku nyingine 😂

Baba watoto, hujauliza bahari. Mvua zikinyesha bara mto Sabaki unashuka mwekundu, unaingia baharini hapo juu kidogo ya mji, na kaskazi ikiwa inavuma unasukumwa huku kwetu, maji yote ya ghuba yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukitaka kuogelea kwenye maji meupe siku hizo panda matatu uende Watamu. Na huo mto ndio huo huo Athi, unaanzia huko huko kwenu juu, ukifika huku tunauita Galana na Sabaki. Udongo wenu ulihamia Malindi zamani, pwani yetu imepanuka kwa ajili yake, hoteli zilizojengwa maji yakiwa miguuni sasa wageni wanatembea jangwa kuyafuata. Kwa hivyo si wewe wa kwanza kutoka Limuru.

Usinunue, usihamishe vyombo. Njoo mwezi wa tano, leta nguo tu na laptopu na dawa za mtoto, mpange kwa mwezi mmoja, miezi hiyo wenye nyumba wanalia, ile ya elfu ishirini utaipata kwa kumi na nne ukijua kuongea.

BaridiImenishinda

Mke amekubali mwezi wa tano. Tutapanda treni ya usiku mpaka Miritini, Mombasa, alafu matatu. Shemeji ameomba kuja pia, ati anataka kushuhudia.

MamaMahamri

Mlete. Namwamsha saa tisa na nusu anikandie unga.