Ziara ya baiskeli ya "ngome za kale" Mwanza: tumeuziwa picha za Ufaransa, tukaachwa kwenye mabasi ya barabara ya Musoma

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza ili nionekane mstaarabu. Kuna kampuni moja ya utalii hapa Mwanza, jina siliweki kwa sasa maana nataka kwanza warudishe hela za watu, ilitangaza ziara ya baiskeli ya siku moja: ngome na majumba ya kale kando ya ziwa. Sh. 85,000 kwa kichwa. Ndani yake chakula cha mchana, gari la kusindikiza, mwongoza watalii na "barabara tulivu za vijijini". Hayo ya barabara tulivu yaliandikwa kwa herufi kubwa, hayakufichwa chini. Tukalipa. Kuna kaka alitoka Geita jana yake akalala kwa shemeji yake Buhongwa ili asichelewe, na kuna dada aliazima baiskeli ya gia kwa jirani kwa sababu alitaka kuanza mchezo huu na watu wanaoujua.

Nianze na tangazo lenyewe. Picha ya juu ni jumba la mawe meupe limekaa juu ya mto, chini kuna matao, maji yanapita kati. Mimi ni mpenzi wa mbio za baiskeli za Ufaransa tangu shule ya msingi, na mashindano yale yakipita mikoani wanakuonyesha majumba yao kutoka angani mpaka unayakariri. Lile ni Chenonceau. Liko Ufaransa, kwenye Mto Cher, na ule upande mrefu uliopanda juu ya daraja ni ukumbi uliojengwa enzi za Catherine de Médicis. Picha ya pili ni Chambord, jumba lililoanza kujengwa mwaka 1519 chini ya mfalme François wa Kwanza. Niliwauliza mapema kabisa kwenye kundi la WhatsApp: hizi picha zinahusiana nini na Mwanza? Wakajibu kuwa ni "za mfano tu, kiongozi". Nikakubali, maana nilijua huku kwetu kuna vya kutosha kuona.

Sina ugomvi na Wafaransa. Wale wamechukua bonde lao la Loire, nchi tambarare yenye mashamba na mizabibu, wakachora njia ya baiskeli ya kilomita kama 900 inayofuata mto mpaka baharini. Kuna vibao na vipande virefu visivyoingia gari kabisa. Mtu mzima na mjukuu wake wanatoka jumba hadi jumba bila kukoswakoswa na lori. Hilo ndilo lilipaswa kuigwa. Hawa wetu wameiga picha, njia wakaiacha hukohuko.

Sasa njia tuliyopitishwa. Wakuu mnaoijua barabara ya Musoma kuanzia Igoma kwenda Kisesa, Nyanguge hadi Magu, mnajua ninachosema. Ni barabara kuu. Mabasi ya Musoma, Tarime na Sirari yote yako hapo, malori ya mpakani yako hapo, noah zinakimbizana na abiria hapohapo. Hiyo ndiyo "tulivu ya vijijini" tuliyouziwa. Kuna sehemu ukingo wa lami umeliwa, kati ya lami na changarawe kuna ngazi ya urefu wa kiganja. Tairi la baiskeli ya mashindano ni jembamba. Likishuka hapo kwa mwendo halipandi tena, linakutupa.

Na basi likija nyuma halikuombi njia, linapiga honi tayari limeshafika. Sheria inasema basi lisizidi kilomita 80 kwa saa na kwenye makazi 50, lakini pale katikati ya makazi tulipitwa na basi ambalo kioo chake cha pembeni kilipita sawa na bega langu. Nilihisi upepo wake ukinivuta kuingia chini. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa watu na Phoenix yake, amefunga madumu ya maziwa huku na huku kwenye karia. Alishuka kwenye changarawe bila hata kugeuka, anasukuma, basi likipita anapanda tena. Ndivyo anavyoishi kila siku. Huu ni Usukuma, wakuu. Huku baiskeli imebeba pamba, mkaa, wagonjwa, wanafunzi na maharusi, na mashindano ya baiskeli yanajaza watu kuliko mpira kwenye baadhi ya vijiji. Halafu mwendesha baiskeli ndiye mtu wa kushuka barabarani. Hilo linaniuma kuliko zile 85,000.

Yule dada alianguka kabla ya Nyanguge. Basi lilipiga honi, akashtuka, gurudumu la mbele likashuka kwenye ile ngazi, akaenda na goti na kiganja. Damu zinatoka, changarawe imeingia kwenye nyama. Gari la kusindikiza liko wapi? Limetangulia Magu kuagiza chakula! Mwongozaji wetu hana hata pamba ya kusafishia kidonda. Hana pampu. Hana tyubu ya ziada ya saizi ya tairi zetu. Tulimsafisha dada wa watu kwa maji ya kunywa na kitenge cha mama mmoja aliyekuwa anauza viazi pale kando.

Aliyetuokoa ni fundi baiskeli chini ya mwembe, kijana hata miaka ishirini sidhani kama ameifikisha. Akatoa tyubu kwa vijiko viwili, akaizamisha kwenye beseni la maji meusi, akaizungusha polepole mpaka mapovu yakatoka, akaweka alama kwa njiti. Akakwangua kwa kipande cha bati alichokitoboatoboa kwa msumari, akapaka solusheni, akaipuliza, akasubiri ikauke. Hakuwa na haraka. Kiraka kikakaa. Rimu ilikuwa imepinda, akainyoosha kwa kukaza spoku moja moja huku anaizungusha mbele ya jicho lake. Akadai shilingi elfu moja kwa kazi yote. Huyo hakuahidi mtu chochote kwenye tangazo.

Historia yenyewe sasa. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, tulifika tumeshachelewa, tukapewa dakika za kupiga picha tu. Mwongozaji akasimama mbele ya watu akasema makumbusho yale yalijengwa na Wajerumani kama ngome. Nilimsahihisha hapohapo na nasahihisha hapa kwa faida ya waliokuwepo: Bujora ni kazi ya Padri David Clement, mmisionari wa Shirika la White Fathers kutoka Quebec, Kanada, miaka ya 1950 na kuendelea, pamoja na Wasukuma wenyewe waliotoa vitu vyao vikahifadhiwa. Lile banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ndani kuna ngoma za watemi, na ngoma katika utemi haikuwa ya kuchezea harusi, ilikuwa sehemu ya mamlaka yenyewe. Mtu anayelipa kuja kuona makao ya watawala wa kale anatakiwa aambiwe hayo akiwa amesimama hapohapo. Sisi tuliambiwa "twendeni twendeni, chakula kinapoa".

Kageye tuliahidiwa, hatukufika. Sababu? "Muda umeenda." Umeenda kwa kosa la nani? Kageye ndipo Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alipofika Februari 1875 na msafara wake kutoka Bagamoyo, wapagazi wamebeba mashua ya Lady Alice vipande vipande mabegani, ikaungwa pale kwenye Ghuba ya Speke, akaondoka nayo mwezi Machi kulizunguka ziwa. Kijana wake Mwingereza, Frederick Barker, alifia hapo kabla Stanley hajarudi. Mimi nilitaka kusimama pale niwaze wale wapagazi, watu waliobeba mashua nchi kavu kutoka pwani hadi Usukuma, ambao majina yao wengi wetu hatuyajui. Nilitaka kufika kwa nguvu za miguu yangu. Ndiyo raha ya baiskeli kwenye mambo ya kale: unafika umechoka na unajua umbali ulivyo.

Hata Mwanza mjini hawakutuonyesha. Pale juu ya mlima wa mawe kuna jumba la Gunzert, la yule Theodor Gunzert aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani kabla Waingereza hawajauchukua mji Julai 1916. Ukitafuta kitu kinachokaribia ngome hapa mjini ni hilo, tena linaonekana ukiwa huko chini. Tulipita chini yake saa kumi na mbili asubuhi, mwongozaji hata hakuinua kidole.

Sasa nisikilizeni wenye kampuni, maana najua mnasoma. Njia nzuri zipo na mngeuliza mngeambiwa bure. Kuna barabara ya Airport, Igombe, Kayenze inayokwenda kutokea Nyanguge. Magari ni machache kuliko barabara kuu, ziwa liko upande wako. Mngetuambia tufunge tairi nene kwa sababu ya vumbi na changarawe, tungefunga. Au mngetupakia na baiskeli zetu kwenye meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Ukerewe ndiyo penyewe hasa kwa mnachotangaza: vilima vya upole, mihogo, michungwa, majaruba ya mpunga mabondeni, na pale Bukindo kuna ikulu ya watemi wa Ukerewe, jumba la ghorofa, jumba kweli, la kupigwa picha na kuwekwa juu ya tangazo badala ya Chenonceau. Mtemi wa mwisho pale, Michael Lukumbuzya, baadaye alikuwa balozi wa nchi hii. Hiyo ni habari ya kumsimulia mgeni siku nzima na haihitaji kukopa mfalme wa Ufaransa.

Ninachodai, na nimeshawaandikia: dada aliyeumia arudishiwe hela yote na gharama ya zahanati. Sisi wengine turudishiwe sehemu ya Kageye ambayo hatukuiona. Zile picha ziondolewe leo. Na msimpeleke mtu mwingine barabara ya Musoma na baiskeli bila gari nyuma yake, taa zinawaka, mwanzo hadi mwisho. Hilo la mwisho hata mkinirudishia hela mara mbili sitaliachia, kwa sababu safari ijayo basi halitapita sawa na bega.

Jibu walilonipa mpaka sasa ni kunitoa kwenye kundi la WhatsApp.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini anasema barabara kuu ni ya magari na sisi wa baiskeli tukafanyie mazoezi uwanjani. Mkuu, yule mzee wa maziwa naye akafanyie uwanjani? Watoto wa shule wa Kisesa nao? Barabara imejengwa kwa kodi ya wote hao. Kinachotakiwa ni bega la lami pembeni, pana kiasi cha baiskeli kupita, na trafiki wasimamie mwendo wa mabasi kwenye makazi.

NYONGEZA 2: Walioniuliza inbox kuhusu Ukerewe na familia: inafaa. Baiskeli inapanda melini, uliza nauli yake dirishani kabla hujakata tiketi yako. Lala Nansio, toka mapema kabla ya jua kali, beba tyubu mbili, pampu, solusheni na viraka. Bukindo si mbali na Nansio. Ni nyumba yenye wenyewe, kwa hiyo ukifika piga hodi, jitambulishe na omba ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha.