Mtoto niliyempokea kwa malezi ya kambo anatakiwa kurudi kwa bibi yake. Naombeni ushauri

MamaTunu_Moro:
Habari za jioni wakuu. Tuko Morogoro, tuna watoto wetu wawili. Mwaka juzi ustawi wa jamii walitukabidhi binti wa miaka minne kutoka makao ya watoto. Mama alishafariki, baba hajulikani alipo. Tukasaini malezi ya kambo, tukaambiwa ndugu bado wanatafutwa.

Sasa bibi mzaa mama amepatikana, yuko Kilosa. Si mtu mbaya, nikimpigia analia kila akisikia sauti ya mjukuu. Shida ni mtoto mwenyewe. Alipokuja alikuwa anaficha chakula: natandika kitanda nakuta kipande cha ugali chini ya mto, kimeshaota ukungu. Tabia hiyo ilikwisha kabisa. Tangu bibi aje kumwona, imerudi, na kitanda analowesha. Mwanangu wa darasa la sita naye kaniuliza, "Mama, ukinichoka mimi utanipeleka kwa nani?"

Mume anataka tufungue maombi ya kuasili, yaani awe mtoto wetu kisheria, haraka kabla hajachukuliwa. Nifanyeje?

Baharia_NchiKavu:
Mumeo yuko sahihi. Bibi alikuwa wapi miaka yote? Nendeni mahakamani.

Afisa_Mchovu:
Niko ustawi, mkoa mwingine. Baharia, kuasili si kuwahi foleni. Maombi yanakwenda Mahakama Kuu, na jaji anataka taarifa ya afisa ustawi. Mimi nikiandika taarifa hiyo siwezi kuficha kwamba kuna bibi mzima anayemtaka mjukuu wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, hayo ya kwetu watu wazima yanafuata.

Ila dada, usikae kimya. Andika kwenye daftari: siku aliyolowesha kitanda, siku aliyoficha chakula, siku bibi alipokuja. Peleka kwa afisa wako pamoja na barua ya kuomba kikao kabla ya tarehe yoyote kupangwa. Omba arudi kidogo kidogo: kwanza wikendi, halafu likizo, na wewe ulale naye huko mara ya kwanza. Afisa mwenye kata tele na pikipiki isiyo na mafuta anaweza kutamani kufunga faili siku moja. Nasema hivyo nikijijua. Kuna watoto niliowahamisha ambao mpaka leo nawaota, na hakuna anayetuuliza sisi tunalalaje.

Pilipili_Manga:
Si mngemrudisha makao kwanza, mambo yakikaa sawa ndiyo aende kwa bibi?

Mwl_Zawadi:
Hapana! Kule Bucharest, Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 wa makao kuanzia mwaka 2000. Nusu walipelekwa kwenye familia za malezi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na walishikamana na walezi, hasa waliotolewa makao wakiwa wadogo sana. Kumrudisha makao ni kumhamisha mara mbili badala ya mara moja.

Kijana_wa_Makao:
Mimi nimepita nyumba tatu. Kilichoniumiza zaidi ya kuhama ni kwamba kila safari niliambiwa "tunakwenda kutembea". Nilipofika umri wa kujitegemea bado nikiona begi limefungwa tumbo linakata. Mwambieni ukweli, hata kama ni mdogo: utalala wapi, nani atakuwepo, lini tutakupigia. Mpeni picha zenu na shuka lake lile lile, msilifue kwanza. Chakula anachoficha msimkemee. Mwekee kopo lake la karanga karibu na kitanda, ajue halitaguswa na mtu.

Na huyo wa darasa la sita asiachwe. Aende Kilosa naye, aone mdogo wake anakoishi.

MamaTunu_Moro:
Nimesoma zote, asanteni. Kopo la karanga naanza leo. Swali moja: nyumba ya bibi ni ya udongo, hana kipato cha kueleweka. Hilo si sababu ya kutosha abaki kwangu?

Afisa_Mchovu:
Peke yake, si sababu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inakataa umaskini pekee kutumika kumtenga mtoto na ndugu zake. Kwenye kikao uliza kama kaya ya bibi imo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na kama haimo, nani atafuatilia. Kama mna uwezo wa daftari na sare, semeni hapo hapo iandikwe kwenye mpango. Na akiguswa vibaya au kunyimwa chakula popote alipo, namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure, mtoto mwenyewe afundishwe kuipiga.