Maneno ya staa yakiwa ndani ya alama za kunukuu, nitajuaje kama ni yake kweli?

Msusi wa Sinza
Wakuu, habarini. Nina saluni ndogo hapa Sinza, na wateja wangu wakiwa wanasukwa wanasoma habari za mastaa kwenye simu. Jumamosi umezuka ubishi mpaka mteja mmoja akaondoka amenuna. Mwimbaji mmoja amenukuliwa na kurasa tatu kuhusu mzazi mwenzake. Ya kwanza: "Nimemsamehe." Ya pili: "Nilishamsamehe zamani." Ya tatu: "Siwezi kumsamehe." Zote zinadai aliyasema kwenye mahojiano yaleyale ya redio. Naomba aliyewahi kufanya kazi magazetini anisaidie, maana wale ni wateja wangu wote.

Mzee wa Kurasa
Dada, nimeandika habari za burudani hapa Dar miaka tisa, na kosa kama hilo nimelifanya mwenyewe. Nilimhoji msanii nyuma ya jukwaa pale viwanja vya Leaders, jenereta linanguruma pembeni. Alisema: "Ningemsamehe kama angekuja nyumbani kuongea na mama." Kwenye daftari nikaandika "Nimemsamehe". Usiku mhariri akataka kichwa kifupi, ikabaki hiyo hiyo, herufi kubwa, ukurasa wa mbele.

Kesho yake mama wa yule msanii akanipigia. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nani huyo amekuja kwangu?" Nikavaa spika za masikioni, nikarudia kusikiliza rekodi yangu mara tatu. Ile "nge" ipo, inasikika kabisa. Tulisahihisha kwa mistari minne ukurasa wa ndani, na najua waliosoma kile kichwa hawakufika huko. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo tafuta swali. Mtangazaji akiuliza, "Kwa hiyo una hasira naye?" na staa akajibu, "Aah, kiasi," kesho utasoma: "Nina hasira naye." Hayo ni maneno ya mtangazaji, yamewekwa kinywani mwa mtu mwingine. Habari isiyoonyesha swali, usiibishanie. Na "afunguka" au "amchana" ni vitenzi vya mwandishi, staa hajavisema.

Binti Temeke
Naongezea tafsiri. Msanii wetu anaongea Kiswahili, tovuti ya nje inamwandika kwa Kiingereza, halafu blogu ya hapa inarudisha kwa Kiswahili na kufunga alama za kunukuu. Ukimsikia mtoto wa Tandale anasema "nina furaha kubwa kutangaza", jua maneno yamesafiri.

Tena siku hizi hata mahojiano yenyewe yanaweza yasiwepo. Aprili 2023 jarida la Ujerumani, Die Aktuelle, lilitangaza ukurasa wa mbele mahojiano ya kwanza ya Michael Schumacher, bingwa wa zamani wa mbio za magari za Formula 1, ambaye hajaonekana hadharani tangu aumie kichwa akiteleza kwenye theluji Desemba 2013. Majibu yalitungwa na programu ya akili mnemba. Mhariri alifukuzwa kazi. Fikiria familia inayomuuguza, inakuta "maneno yake" yanauzwa dukani.

Msusi wa Sinza
Asanteni sana. Mzee wa Kurasa, nimefanya ulivyosema, nimetafuta kipindi chenyewe na tumekisikiliza saluni nzima, mashine za kukaushia nywele tumezima. Aliulizwa, "Umemsamehe?" Akanyamaza kidogo, kisha: "Nikimsamehe, nitamwambia yeye kwanza, sio redio."

Kurasa zote tatu hazina sentensi hiyo. Yule mteja aliyenuna nimemtumia klipu WhatsApp, bado hajajibu.