Kipaza cha kiunoni au visikilizio? (ziara za Mji Mkongwe)

MtembezaWageni: Salaam wakubwa. Kwa kawaida natembeza wageni sita, wanane, sauti inatosha. Ila meli za watalii zikifunga gati Malindi napewa thelathini, na pale Darajani, kati ya wauza samaki na honi za vespa, wa nyuma hawaambulii kitu. Jioni koo limekwisha. Ninunue kipaza cha kufunga kiunoni, au mtambo ule ambao kila mgeni anavaa kisikilizio chake?

KijanaShangani: Kiunoni, yakhe. Usiku unachaji, asubuhi unavaa. Maiki iweke pembeni ya mdomo, la sivyo kila "p" inalipuka kama fataki. Na usiisogeze karibu na spika, itapiga mluzi mtaa mzima ugeuke.

BabuMkunazini: Sikubali. Vichochoro vile ni majumbani kwa watu. Wazee wamejinyoosha barazani baada ya adhuhuri, wewe unapita unahutubia milango! Nilikuwa nacho. Siku moja nikateremka nacho kwenye vile vyumba vya chini pale kanisani Mkunazini. Dari imeinama, sauti ikanirudia kama naswaga ng'ombe, mahali pa kuwakumbuka watumwa. Nikakizima, nikasema taratibu, wageni wakasogea wenyewe.

DadaForodhani: Shikamoo Babu. Ndiyo maana napenda visikilizio, unanong'ona na wote wanasikia. Tabu yake, mgeni anabaki nyuma akipiga picha, anakusikia vizuri, kwa hiyo hana haraka. Ukikata kona mbili zile kuta nene za mawe zinameza mawimbi, kisikilizio kinakoroma, na mgeni humwoni tena. Halafu kuvihesabu! Mwezi uliopita kimoja kilipanda boti ya Dar es Salaam shingoni mwa mtu. Na kila ziara upanguse kwa spiriti.

MtembezaWageni: Na spika ya bluetooth, nikiongelea kwenye simu?

KijanaShangani: Nilijaribu. Unanyoosha kidole "tazameni pale", sauti inatoka mkono umeshashuka.

DadaForodhani: Usinunue visikilizio thelathini kwa ajili ya siku za meli tu. Anayekuletea kundi ndiye avilete, na mpatane hivyo kabla hujakubali kazi. Cha kiunoni nunua, kikufae Darajani na Forodhani. Mkunazini kizime, Babu kasema kweli.

MtembezaWageni: Babu, kile chako bado unacho? Nikupe ngapi?

BabuMkunazini: Mjukuu wangu anauzia urojo. Kamwombe mwenyewe.