Mama mkwe, watoto wawili na Jumamosi moja Dar: sanaa tuione wapi, tule wapi?

Kimara_Mwisho:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, ila msinicheke sana.

Mama mkwe yupo kwangu wiki ya tatu sasa, katoka Tunduru kuja kutibiwa goti. Tangu afike anajua njia mbili tu, ya kwenda hospitali na ya kurudi. Mke wangu kasema Jumamosi hii lazima tumtoe. Mkubwa wetu ana miaka 11, ana kazi ya shule ya kuchora, anataka aone picha za wachoraji wenyewe. Mdogo ana miaka 5, anataka chipsi. Bibi yao nilipomtajia makumbusho akanijibu kwa upole kabisa: "Baba, vya kale mimi ninavyo nyumbani."

Mara ya mwisho kutoka familia nzima tuliingia mgahawa mmoja wa ufukweni, jina nalihifadhi. Menyu Kiingereza kitupu, tukasubiri saa moja na nusu, samaki akaja na kipande cha limau na majani mawili. Tulivyofika nyumbani mama watoto akasonga ugali. Sasa nina 120,000, mafuta ya gari pembeni. Natafuta penye sanaa pasipo ngazi nyingi, halafu pa kula ambapo mtu wa Tunduru atashiba.

Upanga_Mkongwe:
Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na chuo cha IFM. Watoto waonyeshe magari aliyopanda Mwalimu, na habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959. Ila picha za kuchora pale ni bahati yako, inategemea siku hiyo kuna maonyesho gani. Mkimaliza, soko la samaki la Feri liko karibu. Mama achague samaki wake mwenyewe akiwa mbichi, akaangwe anaona.

Shangazi Tabata:
Feri Jumamosi na mtu mwenye goti bovu? Sakafu yenyewe maji matupu! Ningesema Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, maana kuna nyumba za makabila mbalimbali na wikiendi huwa kuna ngoma. Lakini nako ni kutembea juani. Ngoja goti lipone.

mzee_wa_kona:
Mkuu, yaani unakaa meza moja na mama mkwe? Kwetu hiyo ni faini ya mbuzi.

Fundi_Rangi:
Mnazunguka wakati jibu liko kwenye swali. Mama anatoka Tunduru, mpeleke Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, pale Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 hukohuko wilaya ya Tunduru, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar kutafuta maisha. Alianza kuchora 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya silingibodi. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Ndugu na vijana aliowafundisha ndio walioendeleza mtindo wake. Mafundi wanachora palepale mnaona, na hakuna ngazi za kuua mtu.

Kimara_Mwisho:
Wakuu, mrejesho.

Tulikwenda kwa Tingatinga. Harufu ya rangi inakupokea kabla hujaona picha. Fundi mmoja alikuwa chini, bodi mapajani, anaweka madoa ya chui moja moja kwa brashi nyembamba kama njiti. Rangi ya chini ya njano ilishakauka, tena inang'aa ungedhani imemwagiwa maji. Mkubwa akachuchumaa hapo, hakusema neno karibu nusu saa. Sijawahi kumwona hivyo bila simu.

Mama mkwe akapewa kigoda. Akamtazama yule chui, kisha akatamka: "Huyu si chui. Chui hana macho ya kushangaa hivi. Alishachukua mbuzi wetu wawili, namjua." Mimi nikatafuta pa kuficha uso. Fundi akacheka mpaka akaweka brashi chini, akamuuliza mama kwao wapi. Kumbe na yeye wazazi wake wametoka kusini. Wakahamia Kiyao, sisi wengine tukabaki kutazamana. Mke wangu anasema waliongelea korosho, mvua na nani kafariki.

Mwishowe mama alinunua picha ndogo ya kanga wawili, ndege si nguo, kwa pesa yake ya kwenye pindo. Alianzia 8,000 akafika 15,000. Nilipotaka kuongezea akanikata jicho.

Chakula: mihogo ya kukaanga na mishkaki Coco Beach, ndani ya gari, milango wazi. Nilikuwa nimepanga tukae mgahawani. Mama ndiye aliyesema kwenye gari atanyoosha mguu vizuri zaidi. Akakaa kiti cha mbele na mke wangu, mimi na watoto nyuma, kwa hiyo @mzee_wa_kona hunidai mbuzi. Mdogo alipata chipsi zake, akamwaga chachandu kwenye kiti. Jumla haikufika 60,000 pamoja na ile picha aliyochagua mkubwa.

@Fundi_Rangi, swali moja: zile kanga mama anazisafirisha kwa basi mpaka Tunduru wiki ijayo. Rangi bado inanata kidogo pembeni. Nizifunge na gazeti au litagandia?

Fundi_Rangi:
Gazeti hapana, litaacha herufi. Ziweke wazi siku nne mahali penye upepo, halafu zungushia khanga laini. Hata kitenge sawa.