Mbwa wangu mzee anaumwa nyonga na baridi ya Kibosho imemzidi, nimsaidieje?

Mama_Kihamba (Kibosho, Moshi)

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa mtu anayejua mbwa. Wa kuniambia nitafute mbwa mwingine asijisumbue, nimeshaambiwa vya kutosha.

Mbwa wangu anaitwa Tomi, ana miaka 11, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kawaida. Tangu baridi ya Juni ianze, asubuhi anainuka kwa shida. Anatanguliza miguu ya mbele, ya nyuma inabaki imekaa inatetemeka, ndipo anajivuta na kusimama. Akishatembea hadi banda la ng'ombe na kurudi anakuwa na nafuu. Jioni anachechemea tena. Ngazi za baraza alikuwa anaziruka, siku hizi anasimama chini ananiangalia. Halii hata kidogo, ila nikimgusa nyonga ya kushoto anageuza kichwa haraka, na juzi alimkoromea mjukuu wangu aliyemkalia mgongoni. Hajawahi kumkoromea mtoto maisha yake yote. Mapaja yamekonda, tumbo limenenepa.

Anakula ugali wa dona na mabaki ya nyumbani, pamoja na mifupa ya supu ikiwepo. Analala barazani kwenye saruji, juu ya gunia.

Jirani yangu, mtu mwema kabisa, ameniletea vidonge vya diklofenaki alivyoandikiwa kwa ajili ya mgongo wake. Anasema nusu kidonge ndani ya nyama kitamtosha. Sijampa. Wengine wanasema ameshazeeka, achomwe sindano apumzike. Huyu ndiye analinda ng'ombe wangu usiku tangu nilipobaki peke yangu hapa kihambani. Nataka kujua kama maumivu haya yanatulizwa, na kwa kitu gani.

Sakina_Juu (Arusha)

Pole sana mama. Hiyo diklofenaki usimpe hata robo. Mbwa wa shangazi yangu alipewa dawa ya maumivu ya watu, akaanza kutapika damu, kinyesi kikawa cheusi kama lami. Hakupona.

Wangu alipata nafuu kwa kubadilishiwa mahali pa kulala, kabla hata ya dawa. Huku Sakina nako Juni na Julai baridi inapenya. Fundi alinigongea kitanda kifupi cha mbao kilichoinuka kutoka sakafuni, nikaweka godoro la zamani na kulifunika turubai. Ndani kuna vigae, nikatandika mikeka njia yote anayopita, kwa sababu akiteleza leo kesho haamki. Kucha zake pia angalia. Zikiwa ndefu anashindwa kukanyaga vizuri.

DaktariMifugo_UsaRiver

Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa mifugo na mbwa wa aina ya Tomi nawaona sana.

Kukakamaa asubuhi kisha kulegea akitembea, mapaja kukonda, kuwa mkali akiguswa, yote yanaelekea kwenye viungo vilivyochakaa. Gegedu linalofunika ncha za mifupa linalika, kiungo kinavimba kwa ndani, naye anahamishia uzito miguu ya mbele. Ya nyuma inakonda kwa kutotumika. Kwa wenye damu ya German Shepherd, nyonga ndiyo mara nyingi huanza. Maumivu ya namna hii ni nadra kumliza mbwa. Kule kumkoromea mtoto kulikuwa kwa maumivu, watoto wasimpande tena.

Ila kabla hatujasema ni uzee, apimwe damu. Kupe wa kahawia wa mbwa huambukiza erlikia, ugonjwa unaoweza kuvimbisha viungo mpaka mbwa achechemee mguu huu leo na ule kesho. Mwangalie ufizi kama umepauka, kama ana homa, kama ametokwa damu puani. Huo unatibiwa kwa doksisaiklini, na inaumiza kuona mbwa ameachwa anateseka kwa jina la uzee kumbe tatizo ni kupe. Na kwa kuwa unafuga ng'ombe, dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake Tomi kwa kukisia. Kuna dawa za kupe za mbwa.

Dawa za maumivu zipo. Inayotumika sana ni meloksikamu, na kaprofeni ukiipata. Meloksikamu kwa mbwa ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, akiwa amekula. Sasa sikiliza hapa mama, maana hapa ndipo mbwa wengi wanapoharibiwa. Vidonge vya duka la dawa za binadamu ni vya miligramu 7.5 na 15. Mbwa wa kilo 30 anahitaji miligramu 3 tu kwa siku. Kile kidogo chenyewe ni mara mbili na nusu ya kipimo chake. Kwa hiyo aandikiwe na daktari aliyemshika kwa mikono yake, akapima uzito, figo na ini. Akitapika, akikataa chakula au kinyesi kikiwa cheusi, unaacha dawa siku hiyohiyo na kumpigia daktari. Akiwa amechomwa deksa (deksamethasoni) au anatumia prednisoloni, ambazo ni dawa za steroidi, meloksikamu au kaprofeni zisichanganywe nazo. Zinaweza kumtoboa tumbo.

Mama_Kihamba

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Vidonge nitamrudishia jirani na nitamweleza sababu. Nina maswali. Nampimaje uzito, maana kumbeba siwezi? Chakula nibadilishe nini? Na hilo la kumpumzisha, nitajuaje kama wakati umefika? Sitaki kumuua kabla ya wakati, wala sitaki ateseke kwa sababu mimi namhitaji.

Fundi_Pasua (Moshi)

Mama, kwenye mashine ya kusaga hawakosi mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia. Pitisha turubai chini ya tumbo lake, vijana wawili washike pembe, mning'inize taratibu huku unaongea naye. Ondoa uzito wa turubai. Na hizo ngazi za baraza, weka ubao mpana wenye mteremko mdogo, upigilie vipande vya zulia asiteleze. Wangu alijifunza haraka, nilimwita kwa kipande cha nyama.

DaktariMifugo_UsaRiver

Mizani ya gunia inafaa kabisa.

Chakula ndicho ningekipigania kuliko vyote. Kwa mbwa wanene wenye viungo vibovu, kupungua kiasi cha asilimia 6 tu ya uzito huanza kuonekana kwenye mwendo. Akiwa na kilo 35, hizo ni kilo 2 na kidogo. Marekani walifuatilia Labrador 48 tangu wadogo hadi kufa, nusu yao wakipewa chakula pungufu kwa robo. Matokeo yalitoka mwaka 2002: waliokula kidogo waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuchakaa. Basi punguza ugali kwa robo, nafasi yake ijazwe na boga au mchicha wa kuchemsha, ongeza dagaa waliolowekwa kutoa chumvi. Mabaki yenye vitunguu asipewe, vina sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa acha kabisa. Mafuta ya samaki husaidia kiasi, ukiyamudu.

Matembezi yawe mafupi, mara mbili au tatu kwa siku, sehemu tambarare. Kibosho yote ni miteremko, najua, lakini hata kuzunguka uwanja wa nyumba kunatosha. Asifungwe kutwa nzima, misuli itazidi kuisha. Asubuhi kabla hajainuka, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitenge, dakika 10 hadi 15 juu ya nyonga. Ijaribu kwanza kwa mkono wako isimuunguze. Mafuta ya kuchua ya watu usimpake, atayalamba.

Kuhusu kumpumzisha, umri peke yake hauamui. Angalia kama anakula kwa hamu, kama anainuka mwenyewe kwenda haja, kama analala usiku bila kuhangaika, kama anakuja ukimwita. Ikiwa amepata dawa sahihi, amepungua, analala pakavu, na bado siku mbaya ni nyingi kuliko nzuri, hapo sindano ya daktari ni huruma. Analazwa usingizi mzito kwanza, hasikii kitu. Mtu akikwambia habari ya sumu au rungu, usimsikilize. Kwa maelezo yako Tomi hajafika huko.

Ukimpima, andika uzito hapa. Dawa ya maumivu isianze kabla majibu ya damu hayajatoka.